Shilingi Ishirini za Kila Jioni

Nikiwa na miaka minane, mathe alikuwa na kibanda cha mboga mtaani kwetu, Eastlands, Nairobi. Kila jioni, kabla giza halijashika vizuri, kijana mmoja alikuwa anapita. Hakuwa mtu wa kelele. Alimsalimia mathe kwa heshima, akachukua shilingi 20, akatia alama kwenye kijitabu kidogo, halafu akasonga kibanda kinachofuata. Kuna siku alinipa switi. Niliila.

Kijana huyo alitumwa na kundi ambalo watu wazima walilitaja kwa sauti ya chini. Hao ndio waliounganisha stima nyumba kwa nyumba, waliosimamia choo cha kulipia, na waliopanga matatu pale steji. Ukiibiwa sufuria, hukwenda polisi. Ulikwenda kwao, na jioni sufuria ilikuwa imerudi. Mwizi alifanyiwa nini? Hilo hukuuliza. Siku moja tuliona wenyewe alichofanyiwa mwizi, na wiki nzima hakuna mtoto aliyecheza nje.

Halafu usiku mmoja polisi wakaja. Milango ikapigwa mateke, wanaume wakalazwa kwenye matope. Mmoja akamuuliza mathe, "Wewe unawalipa hawa?" Fikiria jibu. Akisema ndiyo, ni mshirika wao. Akisema hapana, ni mwongo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kibanda pale bila kulipa. Mathe akasema, "Sijui." Akapigwa kofi. Kufika alfajiri, maboma yote ya polisi yalikuwa yameondoka.

Jioni yake yule kijana alipita kama kawaida, na kijitabu chake. Akauliza kwa upole, "Mama, jana walikuuliza nini?"

"Walikuuliza nini" yake na "unawalipa" ya polisi, kwangu mimi, ni swali moja. Mathe akajibu vilevile: "Niliwaambia sijui." Kijana akatia alama, akaenda.

Nimelibeba tukio hilo karibu miaka ishirini, na nadhani sasa najua linaniuliza nini. Je, mathe alikuwa na hatia? Na kama hakuwa nayo, ile nguvu ya kumpiga kofi serikali iliitoa wapi?

*

Chuo nilisoma miaka miwili tu. Mwaka wa pili, katika somo la falsafa ya siasa, mhadhiri alituuliza: ni haki mtu kumlipa muuaji ili asiuawe? Darasa zima likasema ndiyo. Akaongeza: na kama muuaji atatumia pesa hizo kumuua mtu mwingine? Kimya. Saa ikaisha, tukatoka. Muhula uliofuata karo ikakwama, nikatoka chuo pia, na sijarudi. Lakini swali nilitoka nalo.

Lilinirudia kazini. Sisi tunaoandika bila kuajiriwa huwa tunaokota kila kibarua, na kimoja nilichopata kilikuwa kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na mtafiti fulani na kuyaandika neno kwa neno. Sauti moja ilikuwa ya dereva wa lori, mzee wa Garissa, aliyekuwa akibeba mizigo kutoka bandari ya Kismayo hadi Dhobley, karibu na mpaka wetu. Alisema kwenye barabara ile wanajeshi na wanamgambo walio upande wa serikali wanakusimamisha mara nyingi, na kila kizuizi kinataka chake. Al-Shabaab wanakusimamisha mara moja. Wanahesabu mzigo, unalipa, wanakupa risiti. Ukifika kizuizi chao kingine unaonyesha risiti, unapita.

Mtafiti akauliza, "Kwa hiyo mzee, unawapenda?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nimekwambia nawalipa. Nani ametaja mapenzi?"

Nilisimamisha rekodi nikakaa kidogo. Hapo ndipo nilipomwona mathe tena, na kijitabu.

*

Ile risiti si hadithi ya mzee mmoja. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameieleza kwenye ripoti zao. Mwaka wa 2020, taasisi ya utafiti ya Hiraal iliyoko Mogadishu ilikadiria kuwa Al-Shabaab hukusanya takriban dola milioni 15 kwa mwezi, na zaidi ya nusu yake inatoka Mogadishu kwenyewe, mji ambao kundi hilo liliondoka Agosti 2011. Soma hiyo sentensi tena. Mji wana serikali, wana bunge, wana wanajeshi wa nchi za kigeni, lakini mfanyabiashara anayeshusha kontena bandarini anapigiwa simu na watu ambao, kwenye ramani, hawako mjini.

Ukimuuliza mtu wa kawaida hapa Nairobi makundi kama haya yanatawala vipi, atakwambia moja kati ya mawili: ama watu wanayapenda kwa sababu ya dini au ukoo, ama watu wanayaogopa tu. Mimi naona yote mawili yanaacha kitu nje. Woga peke yake unachosha hata anayeutumia, maana huwezi kumwekea kila mtu bunduki kichwani mchana na usiku. Wanachofanya ni kuifanya kesho ieleweke. Ukilipa, unajua kitakachotokea. Usipolipa, unajua pia. Pale ambapo kila kitu kimevurugika, kujua tu kitakachotokea ni bidhaa, na wao wanaiuza ghali.

Mahakama ni mfano mzuri. Imeripotiwa mara nyingi kwamba watu wanaoishi Mogadishu, chini ya serikali, husafiri nje ya mji kupeleka kesi za mashamba na viwanja kwa mahakimu wa Al-Shabaab. Si kwa sababu wote wanakubaliana na itikadi yao. Ni kwa sababu kesi haichukui miaka, hongo haifui dafu sana, na hukumu ikitolewa inatekelezwa. Aliyeshindwa anaondoka kwenye kiwanja, kwa sababu anajua asipoondoka atatembelewa na nani.

Lakini tusidanganyane, hiyo kesho wanayoiuza ina bei. Kundi lina kitengo cha ujasusi, Amniyat, ambacho kazi yake ni kujua nani alizungumza na nani. Wazee wa koo waliochagua wajumbe katika uchaguzi wa Somalia wa 2016 na 2017 waliwindwa, na wengi wakauawa. Human Rights Watch iliripoti mwaka wa 2018 kwamba wazee na walimu wa madrasa vijijini walitakiwa watoe watoto, wengine wa miaka minane. Umri wangu wa ile switi. Na njaa ilipotangazwa Somalia mwaka wa 2011, kundi lilifukuza mashirika ya misaada na kuwazuia watu kutoka maeneo yake kutafuta chakula. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa katika janga lile, zaidi ya nusu wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia wanatawala vizuri. Wanatawala kwa namna inayotabirika, basi. Jela pia ina ratiba.

*

Sasa turudi kwa swali la mhadhiri, kwa sababu nimelikwepa. Tarehe 14 Oktoba 2017, lori lililojaa vilipuzi lililipuka kwenye makutano yenye shughuli nyingi mjini Mogadishu. Watu zaidi ya 580 walikufa. Vilipuzi vina gharama. Lori lina gharama. Pesa hizo zilitoka mahali, na sehemu yake bila shaka ilitoka kwa watu kama yule mzee wa Garissa, kwa watu kama mathe. Ukisimama mbele ya mama aliyempoteza binti yake siku ile, utamwambia nini? Kwamba waliolipa hawakuwa na la kufanya?

Nimejaribu kulijibu hili kwa uaminifu na nimefika hapa.

Kwanza, kuna tofauti kati ya kulipa na kutoa. Anayetoa amechagua kazi ambayo pesa yake itafanya. Anayelipa chini ya mtutu hajachagua kazi ya pesa, amechagua kuishi. Ndiyo maana tunamwita aliyeibiwa "aliyeibiwa", hata kama mwizi alikwenda kununua bunduki kwa simu yake.

Pili, hilo halifanyi kila anayelipa awe sawa. Mkulima wa Shabelle ya Chini anayehesabiwa ng'ombe zake hana pa kwenda. Mfanyabiashara mkubwa ana nafasi zaidi kidogo. Anaweza kuhamisha mtaji, na pengine analipa huku akijua kuwa kizuizi kilekile kinamfukuza mshindani wake. Kadiri nafasi ya kukataa inavyoongezeka ndivyo lawama inavyoongezeka. Na kuna mstari ambao hata woga hauufuti kabisa: kutoa pesa yako ni jambo moja, kutoa jina la jirani yako ni jambo lingine. Mathe alisema "sijui" kwa polisi, na akasema "sijui" kwa kundi. Nilipokuwa mdogo niliona ni woga. Siku hizi naona kwamba katika yale mazungumzo mawili kulikuwa na majirani arubaini ambao majina yao hayakutajwa.

Tatu, na hapa ndipo serikali inaingia. Thomas Hobbes, Mwingereza aliyeandika mwaka wa 1651 huku nchi yake ikiwa imetoka kuchinjana, hakuwa rafiki wa uasi hata kidogo. Alitaka mtawala mwenye nguvu zote. Lakini hata yeye aliweka kikomo: wajibu wa raia kumtii mtawala unadumu kadiri mtawala ana uwezo wa kumlinda, hauendi mbali zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo mada ya mwisho niliyosoma kabla karo kukwama, na sijawahi kuona sababu ya kuikataa. Ulinzi unatangulia, utii unafuata. Serikali inayofika usiku mmoja, ikaondoka alfajiri, ikitaka uaminifu wa maisha, inadai deni ambalo haijawahi kukopesha.

*

Kenya tunalijua hili kwa damu yetu. Tarehe 24 Aprili 1954, Waingereza waliifunga Nairobi katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa kwa maelfu na kupitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, gakunia, ambao wakitingisha kichwa tu, maisha yako yamebadilika. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini. Mwaka huohuo mashambani, wakoloni walianza kuwahamisha zaidi ya watu milioni moja kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa seng'enge na mitaro, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula wala habari.

Naelewa kuna mtu ameanza kukasirika. Sisemi Mau Mau na Al-Shabaab ni kitu kimoja. Walichopigania ni mbingu na ardhi. Ninachomwangalia ni mtu aliyekuwa katikati: mama aliyepewa kiapo usiku na wa msituni, kisha akaulizwa mchana na askari kama amekula kiapo.

Februari 1984, huko Wajir, serikali ambayo sasa ilikuwa yetu wenyewe iliwakusanya wanaume wa ukoo mmoja wa Wasomali kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, ikisaka silaha. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema idadi ilikaribia 1,000.

Na Aprili 2014, miaka sitini kamili baada ya Anvil, ikaja Usalama Watch. Takriban watu 4,000 walikamatwa, wengi wao kutoka Eastleigh, na wengi wakashikiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mashirika ya haki yaliandika jinsi watu walivyolazimika kutoa hongo ili waachiliwe. Yaani serikali iliyokuja kuwauliza watu kama wanawalipa magaidi, yenyewe ikawa inakusanya. Tena bila risiti.

Operesheni hiyo ilifuatwa na nini? Juni 2014, Mpeketoni, zaidi ya watu 60 waliuawa. Novemba 2014, abiria 28 wa basi kule Mandera. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wangu wa sasa au chini yake.

Kuna msomi anaitwa Stathis Kalyvas, aliyechunguza ukatili katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuchapisha kitabu mwaka wa 2006. Hoja yake moja, nikiiweka kwa maneno yangu, ni hii: ukimwadhibu mtu bila kujali alichofanya, umemwondolea sababu ya kuwa mwema. Kama aliyekataa kulipa na aliyelipa wote watalazwa kwenye matope, faida ya kukataa ni gani? Adhabu ya jumla inamsukuma mtu kwa yule ambaye angalau adhabu yake ina utaratibu.

Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya hoja kwamba ukatili wa jumla "haufanyi kazi". Mara nyingine unafanya. Vile vijiji vya 1954 kweli viliukata msitu na watu wake, na Waingereza wakashinda vita vya bunduki. Basi ilikuwa sawa? Mwaka wa 2013, Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa pauni milioni 19.9 wazee 5,228 walioteswa. Miaka karibu sitini baadaye, bado jambo lile lilikuwa baya, na kushinda hakukulisafisha. Ukisema tusiwatese raia kwa sababu haileti matokeo, siku mtu akikuletea matokeo utanyamaza. Mimi nataka sababu isiyoninyamazisha: mathe hakustahili lile kofi, hata kama lingemaliza kundi lote kesho yake asubuhi.

*

Sawa, sasa serikali ifanye nini? Rahisi kulaumu ukiwa umekaa na laptopu kwenye chumba cha kukodi. Wacha nijaribu.

Angalia Hiiraan, katikati mwa Somalia, mwaka wa 2022. Ukame ulikuwa mkali, mifugo inakufa, na Al-Shabaab bado wanadai fedha, mifugo na vijana. Kesho yao ilikuwa haitabiriki tena wala hailipiki. Watu wakachukua silaha. Waliitwa Macawisley, jina linalotokana na macawis, kikoi wanachovaa wanaume. Kundi likajibu kwa kulipua visima, kuchoma nyumba, na mwezi wa Septemba likawaua watu waliokuwa kwenye malori ya chakula. Serikali ya Hassan Sheikh Mohamud ikaingia kusaidia, na kufikia mwisho wa mwaka maeneo makubwa yalikuwa yamekombolewa, ukiwemo mji wa Adan Yabaal.

Ukisimamisha filamu hapo, ni ushindi mtamu. Lakini mwaka uliofuata jeshi liliondoka kwenye miji kadhaa baada ya kushambuliwa, na Aprili 2025 Al-Shabaab wakaichukua Adan Yabaal tena. Jiweke kwenye viatu vya mzee wa mji ule aliyesimama mbele ya watu mwishoni mwa 2022 akawashukuru wanajeshi. Leo analala wapi? Na wewe, ukiwa jirani yake, utamkaribisha mwanajeshi atakayekuja mara ya tatu?

Kwa hiyo la kwanza ni hili: usiwakomboe watu ambao huwezi kukaa nao. Operesheni ya wiki mbili katika kijiji inampa kila mtu nafasi ya kujionyesha upande wake, halafu inamwacha na waliokuwa wakitazama. Heri vijiji vitano ambavyo askari yupo saa nane usiku kuliko hamsini vya kupigia picha.

La pili, uanze na vizuizi vyako mwenyewe. Kama siri ya Al-Shabaab ni risiti moja, jibu la kwanza la serikali haliko kwenye ndege za kivita. Jibu ni askari wake kuacha kumkamua dereva mara sita barabara moja. Na kesi ya kiwanja ikamilike ndani ya miezi, si miaka. Haya ni mambo ya kuchosha, hayana video ya kuweka mtandaoni, lakini huko ndiko watu wanakopotelea.

La tatu, usimwadhibu anayelipa kabla hujamwezesha kukataa. Oktoba 2022, Wizara ya Biashara ya Somalia ilitangaza kwamba kampuni itakayowalipa Al-Shabaab itashtakiwa na kunyang'anywa leseni. Naelewa kwa nini. Vita vinahitaji kukata pesa. Lakini mwenye duka anayepata onyo asubuhi na simu jioni anapima vitu viwili: leseni na shingo. Ukitaka alichague onyo lako, mlinde kwanza, na uanze na wakubwa wenye nafasi ya kukataa.

La nne, ahadi yako iwe kweli. Aprili 2015, baada ya Garissa, serikali ya Kenya ilitangaza msamaha kwa vijana waliokuwa wamejiunga na Al-Shabaab wakajisalimisha. Baadaye watetezi wa haki huko Pwani waliripoti kwamba baadhi ya waliorudi waliuawa au walitoweka. Sijali waliuawa na nani. Kijana aliyebaki msituni alijifunza somo moja tu. Mlango ukiwa na shimo nyuma yake, si mlango.

La tano linatuhusu sisi moja kwa moja. Kwa miongo mingi Msomali wa Kenya alipitia mchujo wa ziada ili kupata kitambulisho, mpaka Februari 2025 rais alipotangaza kuufuta. Na walimu wasio wenyeji walipouawa Kaskazini Mashariki, wengine waliondolewa, madarasa yakabaki matupu. Siwalaumu walimu, mimi ningekimbia pia. Lakini ukiondoa mwalimu na daktari ukamwacha mwanajeshi peke yake, usishangae mtoto wa pale akikua akidhani serikali ni kitu kinachovaa buti.

*

Kuna mtu ataniuliza: na mashujaa je? Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na Al-Shabaab. Waliwataka abiria Waislamu watengane na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, na akafa Januari 2016. Kwa hiyo inawezekana kukataa, sivyo?

Inawezekana. Nilimsoma mwalimu huyo nikalia. Lakini angalia alichokataa. Hakukataa kulipa. Alikataa kumtoa mwenzake, ule mstari niliosema. Na hata hapo, hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu awe Salah Farah. Tunaweza kumpa heshima, tunaweza kulea watoto watakaofanana naye, lakini nchi inayohitaji kila raia awe shujaa ili iwe salama, hiyo nchi imemwachia raia kazi yake.

Juzi nilimpigia mathe nikamuuliza kama anakumbuka lile kofi. Sasa anaishi mtaa mwingine, ana duka dogo, halipi kijana yeyote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe ulitaka niwaambie nini?"

"Sijui, Mama. Nilikuwa nauliza tu."

"Basi na mimi ndivyo niliwaambia."

Tukacheka. Halafu akanieleza kwamba mwezi uliopita kulikuwa na baraza. Wakaambiwa wakiona mtu wasiyemwelewa wapige ripoti, wakapewa namba ya simu. Aliiandika ukutani, kando ya mlango.

"Umewahi kuipiga?"

"Mara moja. Taa ya mtaani ilikuwa imezima siku ya tatu, na usiku kuna giza huku. Nikasema wacha nijaribu."

"Wakasema nini?"

"Hawakushika," akasema. "Lakini sijaifuta."